Sura ya Saba: Swali la Tisini na Moja

Kwenye jengo lile la ghorofa nne kila fundi alijua jambo moja kuhusu mtunza stoo: ukimfuata, usihangaike kumaliza sentensi. Fundi bomba akifika dirishani na kusema, "Bi Stoo, naomba ile..." tayari koki ya nusu inchi iko juu ya meza. Fundi rangi akikohoa tu, brashi hiyo. Kwa miaka minne alikuwa amekaa nyuma ya dirisha lile la mbao, katikati ya mifuko ya saruji na ndoo za rangi, na hakuna aliyewahi kusimama pale zaidi ya dakika mbili. Mafundi walimpenda kwa hilo. Naye, Mungu amsamehe, alijivunia hilo kuliko alivyostahili.

Lakini sifa iliyompa heshima stoo ndiyo iliyokuwa ikimwangusha kwenye karatasi.

"Soma tena," alisema Swichi.

Swichi alikuwa fundi umeme. Jina la nyumbani alikuwa nalo, lakini kwenye jengo waliliweka kando, kwa sababu hakuna chumba alichoingia bila kubonyeza swichi mara mbili kabla ya kuketi, hata chumba ambacho umeme haujafika. Alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya taratibu. Kila saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye aliingia stoo na kitabu kilichochakaa kwa alama za kalamu, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Bi Stoo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlango ulibaki wazi, ili asipatikane wa kusema neno.

Wote wawili walikuwa wakijiandaa kwa mtihani mmoja, wa cheti cha ngazi ya kwanza cha usimamizi wa miradi. Mhandisi, mwanamke mkavu wa maneno, alikuwa amewaambia wazi: "Jengo hili likikabidhiwa, stoo inafungwa. Jengo lijalo nahitaji wasaidizi wa mradi wawili wenye cheti. Mkikipata, nafasi ni zenu. Msipokipata, nitawapa mkono na kuwatakia heri." Swichi alikuwa ameshaufanya mtihani huo mwaka uliopita, akaanguka. Siri hiyo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye aliyekuwa juu ya ndoo.

"Haya, nasoma," alisema Bi Stoo. "'Fundi mmoja hajafika kazini siku ya tatu mfululizo. Meneja wa mradi afanye nini kwanza?' Aite mwingine. Nambari ninayo."

"Umekosa."

"Nimekosa nini, na kazi imesimama?"

"Kwanza atafute kwa nini hajafika."

"Ukuta unasubiri plasta, wewe unatafuta kwa nini! Huyo meneja wa kwenye kitabu hajawahi kumwagiwa zege kwenye viatu."

Swichi akacheka mpaka mfuko wa saruji ukatoa vumbi. "Meneja wa kwenye kitabu anauliza kabla ya kushika. Wewe unashika kabla ya kuulizwa."

"Hapa stoo hiyo ni sifa."

"Kwenye mtihani ni alama arobaini na nane kwa mia."

Hapo hapakuwa na ubishi, maana arobaini na nane ndizo alizopata asubuhi ile kwenye maswali ya majaribio, na juzi, na wiki iliyopita. Aliyajua yote: ratiba, hatari, wadau, mdhamini. Ukimuuliza maana ya neno lolote katika kitabu kile alikutajia. Ila swali likifika nusu, mkono wake ulikuwa umeshachagua.

"Una saruji shavuni," alisema Swichi.

"Hapa?"

"Hapana. Juu kidogo." Kidole chake kilinyooka, kikasimama hewani, karibu kabisa na shavu, kisha kikarudi. Akampa leso yake. Bi Stoo akajifuta bila kumtazama, na moyo wake, uliokaa kimya tangu alipomzika mumewe miaka sita iliyopita, ukagonga kama mtu aliyeko nje kwenye mvua.

"Tukimaliza mtihani," alisema Swichi, "kuna jambo nataka..."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Jibu ni ndiyo."

Swichi akabaki mdomo wazi. "Mwanamke wewe, hata sijauliza!"

"Si utauliza? Nimekupunguzia safari."

Walicheka wote wawili hadi fundi rangi akachungulia dirishani kuuliza kama kuna mtu kaangukiwa na kitu.

Furaha hiyo ililala usiku mmoja tu.

Kesho yake, kabla ya saa nne, mwanamke wa makamo alisimama dirishani. Gauni lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na begani kwake kulining'inia utepe wa kupimia, maana alikuwa mshonaji wa mapazia na utepe ule aliusahau begani kama wengine wanavyosahau miwani. Mkononi alishika testa ya umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu kasahau hii mezani." Akamtazama Bi Stoo kama anavyotazamwa mtu na fundi nguo: mbele, bega, pindo. "Ndiwe Bi Stoo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nyumbani jina lako tunalinywa na chai asubuhi, tunalila na chakula jioni." Hakutabasamu. "Nimesikia uliolewa zamani."

"Nilifiwa, mama. Huu mwaka wa sita."

"Pole. Hata mimi nimezika, najua." Akaiweka testa juu ya meza, lakini hakuiachia. "Mwanangu hajawahi kuoa. Ni huyo mmoja, sina wa pili. Na nyumba iliyotoka msiba mimi naijua ilivyo. Sasa kama mama, ninachotaka kukuuliza ni..."

"Nimekuelewa, mama."

"Umeelewa nini?"

"Nimeelewa yote. Usijitaabishe kumaliza. Sitakusumbua, wala mwanao sitamsumbua."

Mama mtu alisimama na neno lake mdomoni, kama walivyosimama mafundi wote mbele ya dirisha lile. Tofauti ni kwamba mafundi walikuwa wakiondoka na kitu mkononi. "Haya," alisema mwishowe. Akaiachia testa, akaenda zake, na utepe ukimpigapiga mgongoni.

Saa saba ilipofika, kitabu cha Swichi kilikuwa mezani, kimefungwa kwa kamba ya katani.

"Hii kamba ya nini?" aliuliza.

"Chukua kitabu chako. Kila mtu asome kwake."

"Kuna nini?"

"Mama yako alikuja."

"Najua alikuja, testa nimeipata. Alisema nini?"

"Alisema ya mzazi."

"Yapi? Nipe maneno yake."

"Hayakuhitaji kumalizika, Swichi. Mtu akianza na 'mwanangu hajawahi kuoa', mwisho wake naujua."

Swichi akaketi taratibu juu ya mfuko wake. "Kwa hiyo hukumwacha amalize."

"Mimi si mtoto. Mjane hangoji atajiwe kuwa ni mjane."

"Jana ulinijibu ndiyo kabla sijauliza," alisema Swichi, na sauti yake ya taratibu ikazidi kuwa ya taratibu. "Leo unanijibu hapana kabla sijauliza. Mimi nitauliza lini?"

Bi Stoo akaikaza kamba iliyokwisha kukazwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne mtu aliuliza kitu stoo na hakuna kilichotokea juu ya meza.

"Naachwa na mwanamke niliyetaka kumuoa," alisema Swichi, "nami nasikia kama anayesikia tangazo la kukatika kwa umeme. 'Wateja wapendwa, mtavumilia.'"

"Nafanya hivi kwa ajili yako na mama yako."

"Umetuuliza?"

Akakichukua kitabu. Mlangoni, kwa mazoea, mkono wake ulibonyeza swichi, stoo ikaingia giza. Akairudisha taa, akaondoka bila kugeuka.

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya mtihani. Bi Stoo alisoma peke yake chumbani kwake, meza ikiwa karibu na dirisha, daftari likijaa. Alipata hamsini na moja. Akapata hamsini. Akapata arobaini na tisa. Saa saba mchana aliipindua ndoo kama kawaida, akaketi, akautazama mfuko wa saruji ambao ulibaki na shimo pale alipokuwa akikaa mtu. Siku moja mafundi walikuja kuuchukua mfuko ule, akawapa mwingine.

Alisali. Alimweleza Mungu habari yote tangu mwanzo: mtihani, mama mtu, leso ambayo hakuirudisha. Na hata mbele za Mungu alijikuta anamalizia majibu mwenyewe. "Najua unataka nivumilie," alisema, kisha akashtuka, maana hakuwa ameambiwa hivyo na yeyote.

Siku ya mtihani aliamka mapema, akavaa blauzi yake nyeupe. Kituo cha mtihani kilikuwa chumba kipana chenye kompyuta zilizotengwa kwa vibao, kila mtu na kizimba chake. Swichi alikuwa ameshaketi mstari wa mbele. Alivaa shati la bluu ambalo Bi Stoo hakuwahi kumwona nalo. Aligeuka mara moja, macho yao yakakutana, akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa jirani. Kitendo kile kilimuuma Bi Stoo kuliko kama angemtukana.

Maswali mia na hamsini, kwa muda wa saa tatu. Bi Stoo alikimbia. Kumi, ishirini, hamsini. Mkono wake ulijibu kama unavyotoa misumari. Hata saa moja haijatimia, alifika swali la tisini na moja.

*Mdau mwenye sauti kubwa ameonyesha kuwa na mashaka na mradi. Meneja wa mradi afanye nini kwanza?*

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jibu la kwanza: *Asimamishe mradi ili kuepuka mgogoro.*

Kikasimama hapo.

Aliiona juu ya kioo cha kompyuta, wazi kama picha, sura ya mwanamke mwenye utepe begani. *Ninachotaka kukuuliza ni...* Ni nini? Siku kumi na mbili amelia, amenyamaza, ameacha chakula, na hakulijua swali. Alilikataa swali ambalo hakulisikia. Alisimamisha mradi wa watu wawili kwa nusu ya sentensi.

"Ewe Mola," alinong'ona, "mimi ni mjinga namna gani."

Msimamizi wa chumba akageuka. Bi Stoo akainamisha kichwa, akalisoma swali tena, neno kwa neno, akashuka hadi jibu la tatu: *Akutane na mdau huyo na kumsikiliza hadi mwisho, ili aelewe mashaka yake.* Akalibonyeza. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani. Akarudi nyuma. Akaanza na swali la kwanza, akaliacha kila swali liseme mpaka nukta yake, ndipo akajibu. Alibadilisha majibu thelathini na manne. Alipomaliza la mia na hamsini zilibaki dakika tatu, na blauzi nyeupe ilikuwa imemganda mgongoni.

Alibonyeza. Kioo kikawa cheupe. Akafumba macho, na alipoyafumbua akakuta neno moja lenye rangi ya kijani: *UMEFAULU.*

Hakupiga kelele. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akasema "Ahsante" kwa sauti ndogo, akatoka nje ya chumba, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Mlango ukafunguka tena. Swichi alitoka, uso mkavu kama ukuta usiopakwa rangi.

Bi Stoo akasimama. "Swichi..."

Swichi akafunga kifungo cha shati.

"Swichi, ongea. Umepata? Umekosa? Kama umekosa si neno, miezi mitatu ijayo..."

"Unataka nimalize mwenyewe," alisema Swichi, "au unanimalizia?"

Bi Stoo akafunga mdomo. Akashika mikono yake nyuma, kama mwanafunzi. Akasubiri. Swichi naye akachukua muda wake wote: akarekebisha kola, akakohoa, akatazama dari, akaona swichi ukutani, akaibonyeza mara mbili.

"Nimefaulu," alisema.

Kelele aliyopiga Bi Stoo ilimtoa msimamizi mlangoni.

"Mimi pia!" alisema. "Na nina jambo la kukuomba. Nipeleke kwa mama yako. Leo. Kuna swali lake nililikata."

Swichi akamtazama kwa muda mrefu, na ule ukavu ukabanduka usoni mwake kidogo kidogo. "Ungejua," alisema, "siku zote hizi sijui nilale kushoto au kulia."

Walimkuta mama mtu kwenye cherehani chake, pazia la kijani likimwagika hadi sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Leo umekuja kuelewa nini tena?"

Swichi akakohoa. Bi Stoo akapiga magoti pembeni ya cherehani, palipokuwa na vipande vya vitambaa. "Leo nimekuja kusikiliza, mama. Siku ile nilikukata kauli. Naomba unisamehe. Na naomba uniulize."

Cherehani kikasimama. Mama akamtazama, kisha akamtazama mwanawe. "Wewe, nenda kachemshe chai. Haya ni ya wanawake waliozika."

Swichi akaenda. Mama akavua miwani.

"Nilitaka kukuuliza kama umemaliza kumlilia," alisema. "Si kumsahau. Baba yake huyu mimi sijamsahau, nakutana naye kwenye kila shati jeupe. Nasema kulia. Maana mwaka wa pili wa ujane wangu alikuja mwanamume mwema, nikamkubali haraka haraka, nyumba isiwe kimya. Nikamtesa miezi minane kwa kosa la kutokuwa marehemu. Akabeba begi lake, na hakusema hata neno baya. Nilimwonea mtu wa watu. Sasa nikikuangalia, naogopa mwanangu asije akawa kiraka juu ya tundu la mwenzake. Hilo ndilo swali langu. Ungeningoja, ningelimaliza kwa dakika moja."

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Bi Stoo, limeshapakiwa. *Nimemaliza, mama.* Akalizuia. Akajiuliza kwanza, kweli kweli, kama anayefungua boksi kuhakikisha kilichomo kabla ya kulitoa dirishani.

"Kuna siku bado nalia," alisema. "Mvua ikinyesha, kwa sababu aliipenda. Viatu vyake vilikaa mlangoni kwangu miaka minne. Mwaka juzi nilivitoa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na nililala vizuri. Na saa saba mchana, mama, nikiketi pale stoo, simngojei marehemu. Namngojea huyu wako. Na akichelewa, nakasirikia yeye."

Mama mtu akalivuta pazia karibu. Akakata uzi kwa meno.

"Mtihani umekuwaje?"

"Tumefaulu, mama. Wote wawili."

"Na huyu? Mwaka jana si alianguka?"

Jikoni kikasikika kikombe kikianguka. "Mama! Nani kakwambia?"

"Nani kaniambia! Suruali zako anafua nani? Karatasi ya matokeo uliiacha mfukoni, nikaianika pamoja na soksi." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko alichokuwa amekizuia kikatoka chote, na Bi Stoo naye akacheka pale chini kwenye vitambaa hadi machozi yakamtoka.

Swichi akaja mlangoni, mikono mitupu. "Sasa mimi naweza kuuliza swali langu?" Akamtazama Bi Stoo. "Nililianza siku ile juu ya mfuko wa saruji. Ni refu. Nimelitunga upya kila siku kwa siku kumi na mbili, na leo nitalisema lote. Tangu siku ulipotoa fyuzi kabla sijafika dirishani, nimekuwa nikijiuliza ni mtu gani huyu anayejua ninachohitaji kuliko mimi. Basi nakuomba unijulishe, bila haraka, na baada ya kufikiri: utakubali nikuoe?"

Bi Stoo alihesabu moyoni hadi tatu. Swali lilikuwa limefika mwisho kweli.

"Ndiyo," alisema.

"Jibu ni lile lile!" alisema Swichi.

"Lakini safari hii nimelisikia swali."

Mama mtu akapangusa macho kwa ncha ya pazia la watu. "Haya, tusikilizane," alisema, akivaa miwani. "Mapazia ya nyumba yenu nitashona mimi. Rangi nitachagua mimi, maana huyu kwa rangi ni kipofu. Jumamosi nakuja kupima madirisha, na usinitengenezee chochote, nitakuwa nimekula. Na usinikate, bado sijafika..."

Bi Stoo hakumkata. Alikaa pale chini, mikono mapajani, midomo imefungwa, macho kwa mama mtu.

"...na hizo nyuzi zilizokuganda shavuni, jifute kabla hujawaonyesha wakubwa zako hicho cheti, mwanangu."

Neno lile lilikuwa limekaa mwisho kabisa wa sentensi, mahali ambapo Bi Stoo, kwa haraka zake zote, alikuwa hajawahi kufika. Alilisikia vizuri. Akasubiri kidogo, kama kuna la kuongezwa, na lilipokosekana akasema, "Ahsante, mama," akainuka, akaenda jikoni kumsaidia Swichi kuokota vipande vya kikombe.